Kabla hujasema mlonge umelinda ini

Nilipokuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamili, nilipima kama majani ya mlonge yanalinda ini la panya dhidi ya parasetamoli iliyozidi kipimo. Majibu ya kwanza yalinifurahisha mno: panya waliopewa sumu bila mlonge, ALT na AST zao (vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu ini likiumia) zilipanda sana, waliopewa mlonge, zilibaki chini. Usiku uleule nikaanza kuandika sura ya matokeo.

Asubuhi fundi wa maabara, mzee aliyetutangulia sote pale, akaniuliza, "Mwanangu, wako wapi panya waliopewa kile kiyeyushio peke yake?"

Sikuwa nao. Dondoo langu la mlonge niliyeyusha kwa DMSO, kiyeyushio cha maabara, na panya wa sumu tupu niliwapa maji. Tukarudia. Panya waliopewa DMSO bila hata tone la mlonge, ini lao nalo likasalimika. Wale wa mwanzo walikufa bure, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sababu yake inajulikana. Ini hutumia kimeng'enya CYP2E1 kugeuza sehemu ya parasetamoli kuwa NAPQI, na hiyo ndiyo inayoua seli pale glutathioni, kinga ya seli dhidi yake, inapokwisha. DMSO hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo sumu yenyewe hutengenezwa kidogo. Usidhani utakwepa kwa kuhamia kaboni tetrakloridi, sumu nyingine ya ini inayotumika maabara: nayo hugeuzwa na CYP2E1 hiyohiyo kabla ya kudhuru.

Basi wewe unayeanza, kila panya apate kiyeyushio kilekile, kwa ujazo uleule. Wote wanyimwe chakula kwa saa zilezile, maana njaa hupunguza glutathioni. Kama unalinganisha na silimarini, dondoo la mmea linalojulikana kwa kulinda ini, nayo ipitie kiyeyushio hichohicho.

Usitegemee ALT pekee. Kata ini, litazame kwa hadubini, hasa kuzunguka mshipa wa kati, kwa sababu sumu hizi mbili huanza kuua seli hapo. Msomaji wa vipande asijue kipi ni cha kundi gani.

Lililo gumu zaidi ni saa ya kutoa dondoo. Wengi wetu tunawanywesha panya siku saba kabla ya sumu, halafu tunaandika kwamba mmea "unatibu". Mgonjwa anafika hospitali akiwa ameshameza vidonge. N-asetilisisteini, dawa ya hospitali ya sumu ya parasetamoli, inaaminika kwa sababu inafanya kazi hata ikitolewa baada ya sumu. Weka kundi linalopewa dondoo baadaye, hata kama majibu yatakukatisha tamaa. Mimi yalinikatisha, na niliyaandika hivyohivyo.

Nilipomaliza, shangazi yangu aliyekuwa kwenye dozi ya TB alipiga simu kuuliza kama anywe mlonge ili vidonge visimharibu ini. Nikamwambia, "Shangazi, usiache dawa, mwambie daktari kila unachokunywa, wakupime ini kliniki. Mimi nina majibu ya panya tu."