Usihesabu Soketi Kabla ya Kuhesabu Ampea

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ngamiani, anayefunga raki yake ya kwanza ya seva, aliniandikia: "Kaka, ninunue PDU ya soketi nane au ya kumi na mbili?" PDU ni kile kifaa chenye soketi nyingi kinachogawa umeme kwenye raki. Swali lake lilinirudisha Chumbageni, kwenye chumba kidogo cha seva ambacho hadi leo sipendi kupita karibu nacho.

Kazi ile niliipenda kuliko zote nilizowahi kufanya hapa Tanga. Kila seva ilikuwa na pawa saplai mbili, nami nikafunga PDU mbili za ampea 16, kila moja na UPS yake, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, nyaya za upande mmoja zikiwa nyekundu na za upande wa pili buluu. Skrini ya kila PDU ilionyesha ampea 12, yaani robo tatu ya uwezo wake, nikamwonyesha mteja tarakimu hizo kwa fahari na kumhakikishia kwamba upande mmoja ukizimika, mwingine utabeba. Siku UPS moja ilipokufa, mzigo wote ulihamia upande uliobaki na skrini ikapanda hadi 24. Breka ya ampea 16 huchukua muda kupata joto kabla ya kukata, kwa hiyo tulikaa dakika chache tukiamini kwamba tumenusurika. Kisha ikalia tap, moja tu, feni zote zikashuka sauti kwa pamoja na chumba kikawa kimya. Mkataba wangu haukuongezwa, na habari hizo nilipewa na mlinzi getini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, soketi zisubiri. Jumlisha kwanza ampea za pande zote mbili, na jumla hiyo isizidi asilimia 80 ya uwezo wa PDU moja. Kwa volti 230, PDU ya ampea 16 hubeba wati 3,680 na ya ampea 32 hubeba wati 7,360, lakini waya, plagi, breka na UPS vyote lazima vilingane nayo. Ukiilisha kutoka soketi ya kawaida ya ukutani, ambayo plagi yake ina fyuzi ya ampea 13, uwezo wako ni huo 13, hata kama boksi limeandikwa 16.

Baada ya hapo ndipo uangalie soketi: swichi za mtandao na seva nyingi hutumia soketi ya aina ya C13, ya ampea 10, na seva kubwa hutaka aina ya C19, ya ampea 16. Adapta za ruta ndogo haziingii kwenye hizo, basi hakikisha una soketi mbili tatu za kawaida. Usikubali kamwe PDU isiyo na skrini ya ampea ili kuokoa fedha, kwa sababu bila skrini unakisia, na mali ya watu haikisiwi. Hewa yetu ya bahari nayo hula shaba. Chomoa plagi kila baada ya miezi michache, na ukiona ukijani kwenye vidole vyake, badilisha waya.

Kabla ya kukabidhi kazi, zima upande mmoja mbele ya mteja, uuache hivyo saa nzima, ukitazama skrini ya upande wa pili.

Kijana amenijibu jana usiku: vifaa vyake vyote vinakula ampea 9, na atachukua PDU mbili za 16.