Usalama wa Diani kwa familia

Ndugu, umeuliza kama Diani, ufuo wa watalii ulio kusini mwa Mombasa, ni salama kwa familia inayotoka hapa Nairobi. Sifa mbaya ya Pwani ya Kusini ina historia yake: mnamo Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni, kwenye njia ya kutoka Mombasa kwenda Diani, kilivamiwa, watalii wakakimbia, na hofu ikadumu kuliko ghasia zenyewe. Mimi ningejihadhari zaidi na wizi mdogo, yaani simu iliyoachwa juu ya taulo mnapoogelea, au mkoba unaonyakuliwa na mtu aliye juu ya pikipiki jioni. Vijana wanaouza vinyago na safari za mashua hukera tu (nasi tumezoea kusumbuliwa katikati ya jiji). Wakatalieni kwa upole. Giza likiingia, msitembee ufuoni; chukueni teksi ambayo hoteli inaifahamu.