Maswali ya Wasomaji: Watumishi wa Mkataba Waliovuka Atlantiki

Mbona hamwaiti watu hawa watumwa weupe? Si waliuzwa, wakachapwa, wakafia mashambani?

Swali hili halikomi kuletwa. Watumishi wa mkataba walikuwa watu waliovushwa kutoka Ulaya hadi makoloni ya Kiingereza ya Amerika, kama Virginia, wakalipia nauli kwa kazi. Hawakuwa watumwa. Kilichouzwa ni muda wao wa kazi, kwa kawaida miaka 4 hadi 7, na muda huo ulikuwa na mwisho. Mtumishi aliweza kumshtaki bwana wake mahakamani, na mtoto wake hakurithi mkataba. Anayebisha asome hukumu ya Virginia ya mwaka 1640. Watumishi watatu walimtoroka bwana mmoja, wakakamatwa Maryland. Wote walihukumiwa viboko 30. Mholanzi na Mskoti waliongezewa mwaka 1 kwa bwana na miaka 3 ya kulitumikia koloni. Wa tatu, Mwafrika aliyeitwa John Punch, aliamriwa atumike maisha yake yote. Kosa lilikuwa moja na mahakama ilikuwa moja. Mwaka 1662 koloni hilohilo likatunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, kwa hiyo mtoto wa mtumwa akazaliwa mtumwa. Mateso ya watumishi wa Kizungu yalikuwa ya kweli, lakini wengi wanaoeneza maneno ya "watumwa weupe" wanataka kuupunguzia uzito utumwa wa Waafrika. Msiwasaidie.

Safari ilichukua muda gani?

Wiki 6 hadi 12, kutegemea upepo. Mayflower, meli ya wahamiaji Waingereza, mwaka 1620 ilitumia siku 66 kutoka Plymouth, Uingereza.

Asiyejua kusoma alijuaje kwamba mkataba wake haujachezewa?

Mkataba uliandikwa mara mbili kwenye karatasi moja, kisha karatasi ikakatwa kwa mstari wa menomeno. Nusu moja alishika mtumishi, nyingine nahodha au wakala. Ukizuka ugomvi, nusu mbili zinawekwa pamoja. Meno yasipoingiana, kuna aliyeghushi. Meli ikitia nanga, wanunuzi walipanda, wakawakagua watu mikono na miguu, wakalipa (Virginia mara nyingi kwa tumbaku), na mkataba ukahamishiwa kwa bwana mpya.

Balaa lilimpata aliyefika bila karatasi, hasa watoto walioibwa bandarini. Huyo alipelekwa mahakamani, mahakimu wakamkadiria umri kwa macho, na aliyeonekana mdogo alipangiwa miaka mingi zaidi. Peter Williamson aliibwa Aberdeen, Uskoti, akiwa mtoto mwaka 1743, akauzwa Philadelphia. Alirudi mtu mzima, akawashtaki wakubwa wa mji ule, akashinda.

Naandika riwaya. Shujaa wangu amejiandikisha kwa hiari London mwaka 1650, na melini amefungwa minyororo. Sawa?

Si sawa. Mfungue. Minyororo ilikuwa ya wafungwa, na biashara kubwa ya kuwasafirisha ilianza na sheria ya Uingereza ya 1718: miaka 7 kwa makosa madogo, 14 kwa aliyesamehewa kifo, na kurudi kabla ya muda adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Msichanganye makundi haya mawili.

Chakula kilitosha? Na ni kweli mtu alilipa nauli ya maiti?

Melini kulikuwa na biskuti ngumu, nyama ya chumvi, njegere na maji ya mapipa. Kilichoviharibu mara nyingi ni kuchelewa kabla hata ya kuiona bahari kuu. Wajerumani waliokwenda Pennsylvania walishuka mto Rhine wakilipa ushuru kituo baada ya kituo, wakakaa Uholanzi wiki kadhaa kungoja meli, kisha wakasimama Cowes, Uingereza, kwa forodha na kungoja upepo. Muda wote huo mapipa yalikuwa yanaliwa. Gottlieb Mittelberger, aliyesafiri mwaka 1750, ameandika kuhusu maji meusi yenye wadudu, biskuti zenye funza wekundu, na kitanda cha futi 6 kwa futi 2 kwa kila mtu.

Wengi wa Wajerumani hao hawakuwa na mkataba. Walimwahidi nahodha kwamba nauli italipwa baada ya kufika. Wakikosa mlipaji, wanauzwa kufidia deni. Ndipo inapokuja habari ya maiti. Kwa maelezo ya Mittelberger, mume au mke akifa baada ya nusu ya safari, aliyebaki anabeba nauli zote mbili na kutumikia muda wa wote wawili. Wakifa wazazi wote, deni linawaangukia watoto. Mwandishi wa riwaya anayetafuta kisa asitunge dhoruba, achukue hiki.

Ni kweli mtumishi mmoja wa Mayflower alianguka baharini akaokoka?

Kweli. John Howland, mtumishi wa John Carver, alipanda sitahani wakati wa dhoruba, meli ikalala ubavu, akatupwa nje. Henza (kamba za kupandishia) za tanga la juu zilikuwa zinaburuzwa majini. Akazidaka, akang'ang'ania hata alipozama pima kadhaa, mpaka wakamvuta juu na kumnasa kwa kulabu. Carver alifariki mwaka uliofuata. Howland akawa huru, akaoa, akaishi hadi 1673.

Kila mtumishi alipewa ekari 50 za ardhi?

Hapana, na kosa hili limejaa kila mahali. Ekari 50 za Virginia zilikwenda kwa aliyelipa nauli, ndiyo maana matajiri walipenda kuleta watu. Maryland mtumishi aliyemaliza alikuwa na haki ya ekari 50 kwa miongo kadhaa, lakini gharama za kupima na kusajili zilikuwa juu yake, na wengi waliiuza haki hiyo. Sheria ya Virginia ya 1705 ilimpa mwanamume aliyemaliza muda wake busheli 10 za mahindi (busheli ni kipimo cha nafaka, kama lita 35), shilingi 30 na bunduki. Mwanamke busheli 15 na shilingi 40. Mwanamke aliyezaa bila ndoa akiwa kazini aliongezewa muda, hata aliyempa mimba akiwa bwana mwenyewe.

Akitoroka je?

Siku moja ya utoro ililipwa kwa siku 5 za kazi Pennsylvania, na tangazo lenye sura yake, nguo zake na lafudhi yake lilitoka gazetini.