Kabla ya kulalamikia Washington, mjue seneta wa jimbo lako

Nilipohamia jimbo la Wisconsin, Marekani, nilikuwa bingwa wa siasa za Washington, lakini seneta wa eneo ninakoishi kwenye bunge la jimbo lenyewe, si lile la Washington, sikumjua hata kwa sura. Usiku nilikuwa naosha vyombo kwenye baa moja nje ya Madison, makao makuu ya jimbo. Narudi nyumbani nguo zinanuka moshi kama nimeshinda jikoni kwa bibi na kuni mbichi. Nikadhani ndiyo maisha ya kutafuta.

Julai 5, 2010 sheria ya jimbo ikapiga marufuku sigara ndani ya baa na migahawa yote. Kuuliza nani kalipigania hili, ndipo nikasikia jina la Fred Risser.

Huyu mzee alizaliwa 1927. Aliingia bunge la jimbo 1957, akahamia seneti 1962, akatoka Januari 2021 akiwa na miaka 93. Hakuna mbunge wa jimbo Marekani aliyekaa muda huo. Baba yake, babu yake na baba wa babu yake walipita humo humo. Kwetu tungesema kiti cha urithi, na kusema kweli miaka 64 mimi naiona mingi mno. Ila kura alikuwa anaziomba kila muhula. Mwaka 2011, ana miaka 83, alivuka mpaka kwenda jimbo jirani la Illinois na maseneta wenzake 13 wa Democrat ili akidi isitimie, kuzuia muswada wa kubana vyama vya wafanyakazi wa umma. Muswada ukapita hata hivyo.

Sasa ushauri. Barua yangu ya kwanza kwa seneta ilikuwa kurasa mbili: kodi, shule, barabara, mpaka theluji. Haikufika popote. Ya pili ilikuwa mistari minne, muswada mmoja na namba yake, anwani yangu juu kabisa. Nikapigiwa simu. Anwani ndiyo wanayoitafuta kwanza, wajue kama wewe ni mtu wa eneo lao.

Usingoje siku ya kura, maana hapo wameshakubaliana. Nenda muswada ukiwa kwenye kamati. Kama Kiingereza kinakupa kigugumizi mbele za watu, kama mimi, si lazima uzungumze. Pale Madison unajaza kikaratasi, unaandika jina lako na kama unaunga mkono au unapinga, unakikabidhi, unawahi zamu yako kazini.