Beringi zinakufa kwa mafungu mawili, programu inasema hazichakai

SWALI: Mkuu habari za kazi. Mimi ni fundi pampu za maji Morogoro, nimekuwa naandika saa za kazi za beringi, ziko 58, zilizokufa ni 41 na 17 bado zinazunguka mpaka leo. Nikichora Weibull (grafu ya kukadiria maisha ya vifaa) kwenye kompyuta vitone vinapinda kama herufi S, havikai mstarini kabisa, alafu beta inatoka 0.9. Ndo kusema beringi hazichakai?? Na hizo 17 nizifute?

JIBU: Zinachakaa fundi wangu, hiyo 0.9 achana nayo. Beta chini ya 1 ni vifo vya mapema, juu ya 1 ni uchakavu, sasa huo mpindo wa S unaonyesha wewe una makundi mawili kwenye gunia moja na umeilazimisha programu ichore mstari mmoja, basi imekupa jibu la katikati ambalo si la beringi yoyote hapo.

Tumia Python (lugha ya kuandikia programu), kuna maktaba ya bure, yaani kifurushi cha programu zilizokwisha andikwa, inaitwa reliability, humo uite Fit_Weibull_Mixture. Zilizokufa ziende kwenye failures, zile 17 kwenye right_censored pamoja na saa zilizofikisha. Usizifute jamani! Ukizifuta beringi zako zote zitaonekana za maisha mafupi kuliko ukweli. Utapata namba tano: alfa na beta ya kila kundi, na sehemu ya beringi zilizo kundi la kwanza. Alfa ni saa ambazo 63.2% ya kundi inakuwa imeshakufa. Namba tano kwa vifo 41 ni nyingi kidogo kwahiyo linganisha BIC (alama inayopima kama namba za ziada zinasaidia kweli, ikiwa ndogo ndo nzuri) na ya Weibull moja, isiposhuka usijisumbue.

Ila hapa wengi wanateleza, hata mimi niliteleza: mchanganyiko maana yake beringi ni ya kundi hili au lile tangu siku unaifunga. Kama kila beringi inaweza kuuliwa na mchanga au na uchovu wa chuma, kinachotangulia ndo hicho, hiyo ni hesabu nyingine, Fit_Weibull_CR. Kompyuta haikuchagulii. Zile zilizokufa mapema, kama hujaziuza chuma chakavu, zipasue uangalie njia ya gololi, ukikuta vishimo vimepangana kwa nafasi sawasawa na gololi zenyewe basi huenda kuna mtu hapo karakana anazipigilia kwa nyundo.