Kliniki ya sheria na kesi za uhuru wa dini: mwanafunzi afanye nini?

SWALI: Mimi ni mhadhiri wa sheria nchini Kenya. Kliniki ya sheria ya chuo chetu, ambamo wanafunzi huwasaidia wateja halisi, inataka kuchukua kesi za uhuru wa dini bila malipo. Mwanafunzi aruhusiwe kufanya nini, na kesi hizi zitamfundisha nini asichokipata darasani?

JIBU: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inavitambua vyuo vikuu vyenye kliniki kuwa miongoni mwa watoa msaada, lakini haimpi mwanafunzi haki ya kusimama mbele ya jaji. Kutia saini nyaraka na kutoa hoja ni kazi ya wakili mwenye leseni. Mwanafunzi amhoji mteja, aandae rasimu na afanye utafiti.

Kazi hiyo si ndogo, kwa sababu kesi hizi husimama juu ya hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mteja ameyaapia. Mwanafunzi hukimbilia kunukuu Ibara ya 32 ya Katiba, inayolinda uhuru wa dini, akamsahau mteja. Mrudishe amuulize anaamini nini, tangu lini, anaiishi vipi imani hiyo kila siku, na agizo analolilalamikia linamlazimisha kuacha nini. Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimpa haki msichana Mrasta aliyekataliwa shuleni kwa sababu ya nywele zake. Mwanafunzi Mkristo au Mwislamu anayeandaa kiapo cha mteja wa namna hiyo hana budi kuyaandika maneno ya mteja bila kuyapima kwa mizani ya dini yake mwenyewe, na kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kuliko yote.

Somo la utaratibu lipate kutoka kesi ya hijabu ya shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo. Kanisa la Methodist, mfadhili wa shule hiyo, ndilo lililofungua kesi kupinga wasichana Waislamu kuruhusiwa kuvaa hijabu shuleni. Mzazi wa wasichana hao akaingia kama mhusika mwenye maslahi tu, yaani mtu asiyeshtaki wala kushtakiwa ila matokeo ya kesi yanamgusa, kisha akawasilisha ombi lake kinzani. Mahakama ya Rufaa ilimpa ushindi mwaka 2016, lakini mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ilitengua hukumu hiyo kwa kuwa mhusika wa namna hiyo hawezi kuleta madai mapya ndani ya kesi ya mwenzake. Swali la hijabu lenyewe likabaki bila jibu la mwisho. Wape wanafunzi jalada hilo bila kuwaambia mwisho wake, waandike ombi ambalo mzazi angelifungua kwa jina lake chini ya Ibara ya 22, inayompa kila mtu haki ya kwenda mahakamani haki zake zinapokiukwa; nusu yao waitetee shule kwa Ibara ya 24, inayoeleza lini haki inaweza kuwekewa mipaka, wakikumbuka kwamba kanisa mfadhili nalo lina imani yake.

Iwapo chuo chenu kinafadhiliwa na taasisi ya dini, andikeni kanuni ya kupokea wateja, na uongozi uitie saini kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, maana huenda akawa anailalamikia shule ya mfadhili huyo huyo.