Je, Uhalisi wa Muziki wa Kale Wahitaji Tiba za Kale?

SWALI: Katika kikundi chetu cha muziki wa kale tunatumia ala zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, kama ilivyokuwa karne ya 18. Mwenzetu mmoja sasa anataka kutolewa damu kila anapougua homa, akidai kwamba bila tiba za zama zile uhalisi haujakamilika. Je, ana hoja?

JIBU: Hana, na tafadhali mzuieni. Uzi wa utumbo hubadilisha sauti inayomfikia msikilizaji, ilhali kutoa damu humdhoofisha tu mpigaji. Watunzi wenyewe walizivumilia tiba hizo kwa kukosa nyingine. Mwaka 1750, mjini Leipzig, tabibu wa macho Mwingereza John Taylor alimpasua mtunzi Johann Sebastian Bach macho mara mbili, wakati ambapo dawa ya ganzi haikuwapo. Bach alibaki kipofu na akafariki Julai 28 mwaka huohuo.

Kuzijua tiba hizo, hata hivyo, ni jambo ninalolihimiza kwa moyo wote. Mwaka 1725 mtunzi Mfaransa Marin Marais alichapisha kipande cha viola da gamba (ala ya nyuzi ipigwayo kwa upinde, ikishikiliwa kati ya miguu) kinachosimulia upasuaji wa kutoa jiwe kwenye kibofu, akaandika maelezo kando ya noti: mgonjwa anatetemeka aonapo vifaa, anapanda mezani, anafungwa kwa kamba za hariri, damu inatiririka, kisha anapelekwa kitandani. Mpigaji anayetambua kwamba mtu yule alikuwa na fahamu zake kisu kilipoingia ataushika upinde kwa namna nyingine kabisa.